Kupika bia nyumbani kwa umeme: yaka inaenda wapi na ukate wapi

Kila mtu akiona sufuria yangu ya umeme pale nyuma ya nyumba Walukuba ananiuliza kitu kimoja, "sasa hii si inakunywa yaka yote?" Yaka ndio umeme wetu wa tokeni, wa kulipia kabla. Na najua watu hapa Jinja, Uganda, ambao wameacha kabisa kupika bia yao, au wamerudi kwenye makaa na moshi wake, kwa sababu ya hiyo hofu tu, hawajapima hata siku moja. Mi nimepima. Nina daftari la kila mpishi, yaani kila mara niliyopika, yuniti ngapi mchana wa kupika, yuniti ngapi kwenye friji, siku ngapi, na nataka nikuonyeshe jinsi ya kupiga hesabu yako mwenyewe, manake sufuria yako si yangu na bei yako ya mwezi si yangu. Kitu ambacho kilinichukua karibu mwaka kukiona ntakuambia sahivi ili usipoteze pesa kama nilivyopoteza: moto hauli yaka kivile, baridi ndio inakula.

Kwanza jua yuniti yako ni shilingi ngapi

Yuniti ni kilowati moja ikiwaka saa moja, basi. Elementi ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa imekula yuniti moja. Hapo hakuna siri, siri iko kwenye bei.

Bei ya nyumbani inapangwa na ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, na wanaiangalia upya kila baada ya miezi mitatu, na tangu Aprili 2025 anayetuuzia wengi wetu ni UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kuisha Machi 31. Wakati UEDCL inaanza bei ilikuwa inakwenda kwa ngazi hivi: yuniti 15 za kwanza za mwezi shilingi 250 kila moja, kutoka ya 16 mpaka ya 80 karibu 756, halafu kutoka ya 81 mpaka 150 inashuka kuwa 412, hiyo ndio wanaita bei ya kupikia, ukipita 150 inarudi juu kule kwa 756. Juu ya hapo weka VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo yuniti ya 756 inakutoka mfukoni kama 892, na ile ya 412 inakutoka kama 486. Kabla hujaziamini namba zangu fungua meseji ya tokeni yako ya mwisho uone mwenyewe, na kumbuka ile ada ya mwezi inakatwa unaponunua mara ya kwanza mwezi huo, usije ukaigawa kwenye bia, hiyo ungelipa hata kama hupiki.

Watu wengi hii ngazi hawaiangalii na ni muhimu sana kwa mpishi. Kama nyumba yako inatumia yuniti 70 kwa mwezi, bia yako inaanzia kwenye yuniti za ghali, zile kumi za kufika 80, halafu inaingia kwenye za 412. Kama nyumba inatumia 90, bia yote inapikwa kwa bei ya kupikia, karibu nusu. Kama tayari uko 150 umerudi kwa bei ya juu. Mi kwa sababu hiyo napika wiki ya mwisho ya mwezi, nikishaona tumepita 80, na kama nina mipishi miwili naiweka mwezi mmoja kuliko kuigawa miezi miwili. Lakini kupika usiku ati umeme ni rahisi usiku, hapana, bei ya kufuata saa ni ya biashara na viwanda, sisi wa nyumbani saa nane mchana na saa nane usiku ni bei moja.

Hesabu ya moto

Namba ya kukariri ni moja tu: 860. Yuniti moja ya umeme inapandisha lita 860 za maji digrii moja. Au lita 86 digrii kumi, ni kitu kilekile. Kwa hiyo chukua lita zako, zidisha na digrii unazotaka kupanda, gawa kwa 860, umepata yuniti.

Tuseme unapika lita 20 za bia ya kawaida, kimea kilo 5, maji jumla lita 30. Maji ya bomba hapa kwetu yanatoka na digrii 23 hivi. Unataka yafike 66 ili uloweke kimea, hiyo ni kupanda digrii 43. 30 mara 43 ni 1,290, gawa kwa 860, ni yuniti moja na nusu. Kimea kinakaa humo saa moja, wanga unageuka sukari, unakitoa, kimebeba maji yake, unabaki na lita kama 25 za maji matamu ya kimea. Hizo unazipeleka zichemke. Na hapa Jinja maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi, hayafiki 100, kwa sababu tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mara ya kwanza nilidhani termometa yangu ni mbovu, nikaenda kununua ingine, nayo ikasema 96. Aliye Kabale, juu zaidi yetu, ataona karibu 94. Kwa hiyo kutoka 66 mpaka 96 ni digrii 30, mara lita 25, gawa kwa 860, ni 0.87.

Mpaka hapo hatujafika hata yuniti mbili na nusu. Sasa kuna kuchemsha kwenyewe, na hapa ndio watu wanakosea hesabu, wanadhani maji yakishachemka kazi imeisha. Maji yakichemka hayapandi joto tena lakini kila lita inayoondoka kama mvuke inaondoka na yuniti 0.63. Ukichemsha saa nzima kwa nguvu na ukapoteza lita 3, umepeperusha yuniti 1.9. Kubwa kuliko kupasha maji yote yale mwanzoni! Ongeza joto linalotoka kwenye ukuta wa sufuria, ongeza pampu kama unayo, weka 0.6 au 0.7. Jumla inakuja karibu yuniti 5.

Yuniti 5 kwa 892 ni kama shilingi 4,400. Zinatoka chupa 40 za nusu lita. Ni shilingi 110 kwa chupa. Hata bila kufika bei ya kupikia. Mwenye gesi naye apige yake: kilo moja ya gesi ina joto la yuniti 12.8 lakini zaidi ya nusu linapita pembeni ya sufuria linaenda hewani, kwa hiyo mpishi kama huu unakula kama kilo nzima, gawa bei ya kujaza mtungi wako kwa kilo zake uone. Elementi ikiwa ndani ya maji joto lote linaingia kwenye maji, halina pa kukimbilia.

Usinisadiki, pima

Njia nzuri ni kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi, unachomeka sufuria juu yake kinakuonyesha wati na yuniti. Kama huna, zima kila kitu ndani ya nyumba, friji, TV, taa zote, soma yaka zilizobaki kwenye kile kidude cha kuingizia tokeni, pika, halafu soma tena. Njia ya tatu ni ile taa nyekundu inayopepesa kwenye mita yenyewe. Karibu yake pameandikwa imp/kWh na namba, mara nyingi 1000 au 1600. Hiyo ni idadi ya kupepesa kwa yuniti moja. Mita ya 1000 ikipepesa mara 40 kwa dakika unatumia wati 2,400 wakati huo. Nimewahi kukaa pale kwenye mita na saa ya simu nikihesabu mpaka jirani akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu, lakini ndivyo nilivyojua elementi yangu iliyoandikwa 2,400 ilikuwa inatoa 1,700 tu jioni ile. Ya voteji nitaifikia.

Kukata kwenye sufuria

Sasa, mahali pa kukata kwenye moto ni patatu, kwa mpangilio wa faida.

Cha kwanza ni mvuke. Kuchemka si lazima kuwe kwa fujo, inatosha uso wa maji uwe unajikunja pole pole. Kama mashine yako ina sehemu ya kupunguza nguvu, BrewZilla ya lita 35 kwa mfano ina elementi mbili, ya 1,900 na ya 500, ishushe mpaka ichemke kwa utulivu. Funika sufuria nusu. Utapoteza lita 2 kwa saa badala ya 3. Halafu punguza na muda, dakika 45 zinatosha kwa kimea cheupe cha kawaida, wengine wanakwenda 30 na wanaongeza kidogo hopsi, yale maua ya kutia uchungu, ili uchungu ufike palepale. Huku kwetu uchungu unatoka taratibu zaidi kwa sababu hatufiki 100, kwa hiyo kidogo hicho kiongeze tu. Ila kimea cha pilsner usikifupishie, kile kina harufu ya mahindi ya kuchemsha ambayo inahitaji muda na mvuke ili itoke, usikifunike kabisa, lipa ile saa nzima. Lita moja na nusu ya mvuke badala ya tatu ni karibu yuniti nzima umeokoa.

Cha pili ni jua, na hili ni la bure. Jerikeni mbili za lita ishirini zilizopakwa rangi nyeusi nje, ziweke kwenye mabati au kwenye sementi tangu asubuhi. Mi zangu zimenipa digrii 38 alasiri siku ya jua. Digrii 15 mara lita 30 gawa kwa 860, nusu yuniti. Mwenye mtambo wa jua juu ya paa wa maji ya kuoga, ule wa maji ya digrii 60, anaokoa zaidi ya yuniti moja, ila aonje kwanza yale maji, tangi lililokaa miaka linatoa ladha ya chuma na bia haifichi.

Cha tatu blanketi. Wakati kimea kimelowa, zungushia sufuria blanketi zito la mtumba la soko la Owino au lile godoro jembamba la mazoezi, funga kamba, zima elementi kabisa. Saa moja inashuka digrii mbili au tatu, haina shida. Bila blanketi termostati inawaka inazima inawaka inazima unalipa. Wakati wa kuchemsha blanketi litoe upande wa chini penye waya.

Ukifanya vyote vitatu mpishi ule wa yuniti 5 unashuka mpaka kama 3.2. Daftari langu kwa mipishi sita ya mwisho linasema kati ya 3.1 na 3.6.

Ukitumia kimea cha mtama mambo yanabadilika kidogo. Mtama ni nafaka yetu, bia ya Eagle inapikwa kwa mtama wa Epuripur tangu 2002, na unatoa bia safi sana, lakini wanga wake hauyeyuki kwenye 66 kama shayiri, unataka uupeleke juu zaidi, wengi tunachemsha kwanza kama uji halafu tunapoza ndio tunaweka vimeng'enya au kimea cha shayiri. Weka nusu yuniti mpaka moja zaidi. Inastahili.

Kupoza maji ya kimea baada ya kuchemsha hakuli umeme kama maji ya bomba yana presha, lakini kunakula maji, jerikeni tano au zaidi, na maji yetu ni ya digrii 23 kwa hiyo hayawezi kukushusha chini ya 26 hivi. Watu wanaanza kutengeneza barafu. Barafu kilo kumi kwenye friji ya kawaida ni robo tatu ya yuniti. Mi niliacha. Namimina ikiwa ya moto bado kwenye jerikeni ya plastiki ngumu, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu chini yake, nafunga kifuniko, nailaza ubavu moto uguse kila upande uue vijidudu, nayaacha usiku mzima. Waaustralia wamefanya hivyo miaka mingi. Asubuhi imepoa yenyewe, natia hamira siku hiyohiyo, usiyaache wiki nzima bila hamira. Vaa glavu nzito na usitumie zile jerikeni nyepesi, zinajikunja na maji ya digrii 90 mguuni si mchezo.

Sasa baridi

Mwaka wa kwanza nilikuwa nataka lager, ile bia inayochachushwa kwa baridi. Nilikuwa na friji ya zamani ya mlango mmoja, nikaifunga kidhibiti cha STC-1000, nikaweka digrii 11 wiki mbili halafu 2 wiki tatu. Bia ilitoka nzuri, sitasema uongo. Lakini siku moja mama watoto akanishika jikoni:

"Baba watoto, hii yaka tumeweka juzi tu. Nani anaikula?"

"Si ile siku nilipika bia."

"Ulipika wiki tatu zilizopita. Leo unapika nini?"

Nikakosa jibu. Kesho yake nikaweka kimita kwenye friji. 1.1 kwa siku. Siku 35 ni yuniti 38 na nusu, na kwa bei ya juu ni zaidi ya shilingi 34,000, wakati moto wa mpishi uleule ulikuwa haujafika 5,000. Mara saba! Na mimi mwaka mzima nilikuwa nahangaika na kifuniko cha sufuria.

Nikakaa nikapiga hesabu kwa nini. Kushusha lita 20 kutoka 25 mpaka 11 ni lita 20 mara 14, gawa kwa 860, ni theluthi ya yuniti, mara moja tu. Joto lote ambalo hamira inatoa ikila sukari ya lita 20 ni kama robo ya yuniti, kwa mpishi mzima. Yaani bia yenyewe haiombi baridi nyingi hata kidogo. Kinacholipiwa ni joto la chumba kuingia kupitia kuta na mlango wa friji, mchana na usiku, siku 35. Unalipia siku, hulipii bia. Ukishaelewa hivyo unajua pa kukata: punguza siku, na punguza tofauti kati ya chumba na ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Uganda anayeanza, na nausema kwa moyo wote, usianze na lager. Anza na hamira inayopenda joto letu. Kuna hamira za wakulima wa Norway zinaitwa kveik, zimetunzwa vizazi na vizazi kwenye mashamba, ile ya Voss inachachusha vizuri kwenye digrii 35 mpaka 40, na unaipata kavu kwenye pakiti kama LalBrew Voss. Nchi ya baridi imetupa hamira ya joto, ajabu yake. Inamaliza kwa siku tatu mpaka tano, ina harufu kidogo ya chungwa. Chumba chetu cha digrii 26 ni baridi kwake, kwa hiyo badala ya kuipoza unaifunga blanketi ishike joto lake yenyewe. Umeme wa kuchachusha: sifuri. Kitu kimoja, inataka chakula, kwenye bia nyepesi itie kirutubisho cha hamira, la sivyo inachelewa. Na tope linalobaki chini usimwage, likaushe kwenye karatasi safi ya kuokea, weka kwenye friza, linapika tena na tena.

Shangazi yangu Soroti anatengeneza ajono maisha yake yote na hajawahi kumiliki friji. Kimea cha ulezi, hamira iliyozoea joto la Teso, siku chache, watu wanazunguka chungu na mirija yao. Nilipomweleza shida yangu ya friji alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "mwanangu, kwani hamira yako ni ya wapi?" Hilo swali ndio lilinifanya nitafute.

Kama bado unataka hamira za kawaida za digrii 18 mpaka 22, kuna hatua za katikati. Beseni kubwa la maji, weka ndoo ya bia ndani, vika ndoo fulana ya pamba inayonyonya maji kutoka chini, unashuka digrii tatu hivi, huku karibu na ziwa hewa ina unyevu usitegemee zaidi. Wengi wanaongeza feni. Angalia hapo: feni ya wati 40 ikizunguka saa 24 ni 0.96, umerudi kwenye friji bila kuwa na friji! Tumia kale kafeni kadogo ka USB ka wati 5, ni 0.12 kwa siku. Au chupa mbili za lita moja na nusu za maji yaliyoganda, badilisha moja asubuhi na moja jioni, kama friza unayo tayari inazunguka kwa chakula cha nyumbani hizo zinaongeza kama robo yuniti kwa siku.

Na mwenye friji aifanyie haya. Raba ya mlango, bana noti ya elfu moja kwenye mlango uivute, ikitoka kirahisi raba imechoka, badilisha. Iweke kivulini, mbali na ukuta kiganja kizima ili nyuma ipumue. Kihisi cha kidhibiti kibandike kwa tepu kwenye ubavu wa ndoo na ukifunike na sponji, kisining'inie hewani, kikining'inia friji inawaka kila ukifungua mlango. Weka digrii 19, usiweke 17 kwa ajili ya kujisikia vizuri. Baridi inahitajika siku nne za kwanza tu, hamira ikishatulia ladha imeshajengeka, zima iache ipande yenyewe. Na jaza: ndoo mbili kwenye friji moja zinakula karibu sawa na ndoo moja, manake tumesema unalipia kuta. Ile friji yangu ya 1.1 kwenye baridi ya lager inakula 0.4 tu kwenye digrii 19. Siku nne ni yuniti 1.6. Hapo umeme wa bia yote, moto na baridi, ni yuniti tano tena, si 43.

Voteji, waya, na umeme ukikatika

Nilisema elementi ya 2,400 ilikuwa inatoa 1,700. Elementi inapewa wati zake kwa voti 240, na nguvu inashuka kwa mraba wa voteji, kwa hiyo voti 200 inakupa 1,670 tu. Jioni kila mtu anapiga pasi na anapika, voteji inalala. Yuniti hupotezi moja kwa moja, mita inahesabu kile kilichoingia, lakini kuchemsha kulikohitaji dakika 22 kunachukua 31 na sufuria inavuja joto muda wote huo, na saa ingine haichemki vizuri kabisa. Pika asubuhi ya Jumapili. Tofauti utaiona.

Waya sasa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Plagi yetu ya pini tatu ni ya ampia 13, mwisho wake karibu wati 3,000, na si vizuri kuikamulia hapo mwisho saa tatu mfululizo. Ekstensheni yangu ya kwanza ya bei rahisi iliyeyuka mpishi wa pili, nilisikia harufu kabla sijaona moshi, na watoto walikuwa wanacheza mita mbili kutoka pale. Chomeka ukutani moja kwa moja. Kama lazima ekstensheni, iwe ya waya wa milimita mraba 2.5 na uifungue yote, iliyozungushwa inapika. Kama unatengeneza sufuria yako mwenyewe, mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, wanatoboa na kuchomelea vizuri sana, lakini waya wa ardhi lazima ufike kwenye chuma cha sufuria na uwe na ile swichi inayokata umeme ukivuja. Maji, sukari, chuma, sakafu iliyolowa, mtu pekupeku. Lipa fundi umeme mwenye kibali. Usiwashe elementi bila maji juu yake hata sekunde kumi.

Na haya yote ni ya bia. Waragi ni habari ingine, kuikeneka kunataka leseni kisheria tangu Enguli Act ya 1965, na mvuke wa pombe ndani ya nyumba ni moto unaosubiri.

Umeme ukikatika kimea kikiwa kimelowa, funika, ongeza blanketi, usifungue kuchungulia, saa moja na nusu haitaharibu kitu, mara nyingi umeme unarudi sukari imeshatoka yote. Ukikatika wakati wa kuchemsha, funika pia, ukirudi endelea kuhesabu dakika ulipoachia, hopsi haziendi popote. Kwenye friji weka kile kilinzi cha voteji na uhakikishe kidhibiti kina kusubiri dakika tatu mpaka tano kabla ya kuwasha, kompresa inakufa kwa umeme unaorudi na kukatika na kurudi, na kompresa mpya ni pesa ya mipishi mingi.

Imebaki chupa. Watu wanatoka kwenye kupika kwa akili halafu wanaweka chupa zote arobaini kwenye friji. Tia sukari gramu 6 kwa kila lita, funga vizibo, ziache kwenye boksi chini ya kitanda wiki mbili, gesi inajijenga kwenye joto la chumba bila yaka yoyote. Mi Ijumaa usiku naweka sita kwenye friji ya nyumbani, katikati ya maziwa na nyanya, Jumamosi saa kumi zimetulia, tope limekaa chini, namimina taratibu na kuacha sentimita moja ya mwisho kwenye chupa.